Sura ya Saba: Meza ya Mtu Mmoja

Kijana wa mapokezi alinitazama, akatazama nyuma yangu, kisha akarudi kwangu. "Mko wangapi?" Nikamwambia niko mmoja. Akachungulia mlangoni, kana kwamba mwenzangu alikuwa bado anashuka kwenye gari, halafu akanipeleka kwenye meza ya watu wanne chini ya mwaloni na kuanza kuondoa glasi za watu watatu. Zikawa zinagongana kwenye sinia. Meza zote za jirani zikageuka.

Wanawake wanaoniuliza habari za kusafiri peke yao huanza na usalama, na wana haki ya kuanzia hapo. Nitaufikia. Lakini kwa ziara ya mashamba ya mizabibu, kinachowafanya wengi waghairi kabla hata hawajakata tiketi ni zile glasi tatu zinazoondolewa. Mwanamke anaweza kuzunguka peke yake makumbusho, soko, hata mbuga, na hakuna atakayejali. Akikaa peke yake mbele ya glasi ya mvinyo, kila mtu anajitungia hadithi yake: ameachwa, anasubiri mtu, anatafuta mtu. Katika sura hii nataka kueleza kwa nini nilikaa kwenye meza ile, na kwa nini ningekaa tena.

Mimi ni mtoto wa Dodoma. Shangazi yangu ana ekari mbili za mizabibu Mpunguzi, kwenye barabara ya Iringa, na likizo zangu za shule ziliishia humo: kubeba maji, kufukuza ndege, kukata vichala na kuvipanga kwenye kreti bila kuziponda zabibu. Mizabibu ya Dodoma hailali. Hakuna baridi ya kuilaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeamua lini iamke. Akipogolea, inachipua upya, na shamba lililotunzwa huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kule Cape, kusini kabisa mwa bara letu, mzabibu huvunwa mara moja tu. Majira ya baridi hupukutisha majani yote, mti unabaki kijiti kikavu hadi unapochipua karibu na Septemba, na mavuno huanza Januari. Nilitaka kuliona shamba la namna hiyo. Nilitaka pia kuona watu waliofikia mahali ambapo mgeni analipa ili tu atembezwe kwenye mizabibu yao, maana kwetu mpita njia hununua kifuko cha zabibu kando ya barabara na kuendelea na safari.

Nilipomuaga shangazi kwa simu aliuliza swali moja. "Unakwenda na nani?"

"Peke yangu, shangazi."

Alinyamaza kidogo. "Peke yako. Kwenye pombe."

Ndani ya maneno hayo manne mlikuwa na hofu mbili, na sikuidharau hata moja. Zote mbili nilizipangia.

Nilichagua bonde la Franschhoek, lililo umbali wa zaidi kidogo ya saa moja kwa gari kutoka Cape Town. Stellenbosch, mji ulioanzishwa mwaka 1679, una mashamba mengi zaidi na ndiko kwenye chuo kikuu ambako mwaka 1925 Abraham Izak Perold alichavusha aina mbili za mizabibu, Pinot Noir na Cinsaut, akapata Pinotage, zabibu ambayo Waafrika Kusini wanaiita yao. Lakini Stellenbosch mashamba yametawanyika. Utahitaji gari, na mtu anayeonja mvinyo haendeshi. Sheria ya Afrika Kusini inaweka kikomo cha gramu 0.05 za pombe kwa kila mililita 100 za damu, na kikomo hicho hufikiwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Unaweza kukodi gari na dereva kwa siku nzima, ila bei ya ziara za namna hiyo mara nyingi ni ya gari zima, hivyo msafiri wa peke yake analipia viti vitupu, na juu yake anashinda ndani ya gari na mwanamume asiyemjua huku akinywa. Siwashauri.

Franschhoek wana tramu. Ilianza kazi mwaka 2012 ikitumia kipande cha reli ya zamani bondeni, na pale reli isipofika kuna mabasi yaliyoundwa kwa umbo hilohilo. Njia zinatofautishwa kwa rangi. Asubuhi unachagua rangi yako, unakata tiketi ya mtu mmoja kwa bei ya mtu mmoja, unashuka shamba unalotaka, na tramu inayofuata inakuchukua. Ada ya kuonja unalipa huko huko shambani. Mwanamke aliye peke yake hapo ni abiria kama abiria wengine, ana kiti chake na ratiba yake, na wala hana haja ya kumweleza mtu amekuja na nani. Ukienda Februari, wakati wa mavuno, kata tiketi siku kadhaa kabla, na uulize ni mashamba gani yanataka uweke nafasi ya meza pia.

Nilifika jioni ya kuamkia ziara. Jua lilikuwa bado lipo, kwa hiyo nikatembea barabara kuu ya mji hadi mwisho, kwenye mnara wa Wahuguenoti. Hawa walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya dini yao. Kuanzia mwaka 1688 Kampuni ya Kiholanzi iliyotawala Cape iliwagawia ardhi katika bonde hili ambalo kabla yao liliitwa kona ya tembo, na ndiyo maana mashamba mengi mpaka leo yana majina ya Kifaransa. Mnara una matao matatu marefu meupe. Mbele ya matao, juu ya tufe la dunia, amesimama mwanamke. Amesimama peke yake. Mkono mmoja ameshika Biblia, mwingine ameshika mnyororo uliokatika. Nilikaa kwenye nyasi nikamtazama hadi milima ikageuka zambarau. Mnyororo ule ndio nilioondoka nao kichwani, na kesho yake niliukuta tena mahali ambapo sikuutarajia.

Asubuhi nilikula kifungua kinywa kizito, mayai na mkate na viazi. Hilo nalisisitiza kwa kila mwanamke: usionje mvinyo tumbo likiwa tupu. Nilimwachia mama mwenye nyumba ya wageni karatasi yenye rangi ya njia yangu, majina ya mashamba matatu na saa ya kurudi. Nikaweka namba ya polisi, 10111, kwenye simu. Pasipoti niliifungia chumbani, nikabeba nakala.

Kituoni mlinzi wa maegesho alinisikia nikimtumia shangazi ujumbe wa sauti. Akasogea. "Dada, unasema Kiswahili? Unatokeya wapi?" Nikamwambia Dodoma. Akacheka kwa furaha. "Miye niko mutu wa Bukavu." Watu wa mashariki ya Kongo ni wengi mjini Cape Town na vitongoji vyake, na Kiswahili chao kimenitoa kwenye shida zaidi ya mara moja. Aliniuliza njia yangu, akatazama ratiba mkononi mwangu, akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa. "Hii ya mwisho isikuache. Kisha ya hii, mutuka ya kurudi itakuwa ya taabu." Nikaizungushia kalamu. Kati ya ushauri wote nilioupata safari ile, huo ndio niliourudia kuusoma kila nilipoketi.

Tramu ipo wazi pembeni, upepo unapita moja kwa moja, na mistari ya mizabibu inafunguka na kufungika unapoipita. Mwanzoni mwa kila mstari nikaona waridi. Nilidhani ni pambo la wageni, nikauliza. Jirani yangu kwenye kiti, bibi mmoja wa hukohuko, akanieleza kuwa ni desturi ya zamani: waridi hushikwa na ubwiri unga mapema kuliko mzabibu, hivyo mkulima akiuona unga mweupe kwenye jani la waridi anajua wakati wa kupulizia salfa umefika. Ubwiri unga! Ndio ugonjwa uliomlaza shangazi macho msimu mzima mwaka niliomaliza darasa la saba. Nikamweleza bibi yule jinsi sisi tunavyougundua, kwa kugeuza jani na kulipitishia kidole. Tukazungumza magonjwa ya mizabibu mpaka kituo cha kwanza, na hakuniuliza hata mara moja mume wangu yuko wapi.

Shamba la kwanza nitalipita haraka. Palikuwa pazuri, palijaa watu, na mwonjeshaji alikariri maneno yake kama mtu anayesoma tangazo.

Shamba la pili ndilo la mwaloni na glasi tatu. Uwanjani, kati ya nguzo mbili nene zilizopakwa chokaa, ilining'inia kengele kubwa ya shaba. Watu walikuwa wakipanga foleni kupiga picha chini yake. Mama aliyekuja kunihudumia alikuwa wa makamo, mikono yake mizito kama ya mtu aliyefanya kazi ya shamba. Nilimwuliza jina lake kabla ya kumwuliza mvinyo, nikamwambia langu. Kisha nikamwuliza kengele ile ilikuwa ya nini.

Aliifuta glasi taratibu kabla ya kujibu. "Iliwaamsha watumwa. Iliwapeleka kazini, na jioni iliwarudisha."

Sikuwa na kundi la kumfanya aharakishe. Hapakuwa na mwenzangu wa kuniambia njoo tupige picha. Akaeleza akiwa amesimama, chupa mkononi, na nilichokisikia kwa sehemu baadaye nilikisoma kwa ukamilifu. Watumwa wa kwanza kuletwa Cape kwa wingi walifika kwa merikebu mwaka 1658, na mvinyo wa kwanza wa Cape ulikamuliwa mwaka uliofuata, Februari 1659. Hadi biashara ya watumwa ilipopigwa marufuku, mwaka 1808, watu wanaokadiriwa kuwa 63,000 walikuwa wameletwa, wengine kutoka India na visiwa vya Indonesia, wengine kutoka Madagaska, na wengine kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki, hasa Msumbiji. Hawa wa Msumbiji walipewa jina la Masbieker. Hao ndio walioichimba ardhi, wakaipanda mizabibu, wakakanyaga zabibu na kujenga kuta hizi nyeupe ambazo wageni tunazisifia. Wakaachiwa rasmi tarehe 1 Desemba 1838. Kengele zikaendelea kulia.

"Baba yangu," akasema, "sehemu ya ujira wake ilikuwa mvinyo. Asubuhi, mchana, jioni, anapewa kikombe." Mfumo huo waliuita dop. Ulipigwa marufuku kisheria, lakini mashamba kadhaa yaliendelea nao kwa miaka mingi baada ya hapo, na majeraha yake hayajapona: jimbo la Western Cape lina viwango vya watoto walioathiriwa na pombe tumboni mwa mama ambavyo ni miongoni mwa vikubwa kuwahi kurekodiwa popote duniani. Mama yule hakunywa. Alikuwa anajua kila mvinyo wa ghala lile kwa harufu tu.

Nimesafiri mara nyingi na marafiki, na ninawapenda. Lakini najua kwa hakika kwamba siku ile, kama tungelikuwa wanne, tungelipiga picha chini ya kengele. Ukiwa na watu wako, unakuwa mgeni wa watu wako. Ukiwa peke yako, mwenyeji hana wa kuzungumza naye ila wewe, nawe huna wa kumsikiliza ila yeye. Kwa ajili ya hilo nazivumilia zile glasi tatu kwenye sinia.

Halafu akanimiminia mvinyo mweupe. "Huu ni Chenin Blanc. Zamani huku tuliuita Steen."

Chenin Blanc ndiyo zabibu inayopandwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote Afrika Kusini. Ndiyo pia zabibu nyeupe ya Dodoma. Shangazi ana mistari yake kumi na miwili ya Chenin, upande wa mashariki wa shamba, na sikuwahi kuuonja mvinyo wake ukiwa umetunzwa namna hii. Nikaiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe kama alivyonionyesha. Rangi ilikuwa ya majani makavu, na ukingoni karibu isionekane. Nikaizungusha glasi, nikaingiza pua. Mapera. Mapera yaliyoiva, yale yaliyoanguka yenyewe chini ya mti, na nyuma yake kitu kama asali mbichi. Nikauweka mdomoni nikauacha ulimi uloe. Uchachu ukaja pembeni, kwenye mashavu, na mate yakafuata. Nikautema.

Niseme neno juu ya kutema. Kwetu, kutema mbele za watu ni utovu wa adabu, na najua wanawake wanaomeza kila wanachopewa kwa kuona haya tu. Lakini kila meza ya kuonjea ina chombo cha kutemea, na wataalamu wenyewe hutema, maana ladha yote ipo mdomoni na puani. Piga hesabu. Onjo moja ni kama mililita 30. Maonjo matano ni mililita 150, yaani glasi nzima. Mashamba matatu ni mililita 450, zaidi ya nusu ya chupa ya mililita 750, kwenye jua la Februari. Na mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache kuliko wa mwanamume, hivyo pombe ileile huleta kiwango kikubwa zaidi kwenye damu yetu. Mimi nilimeza onjo moja kila shamba, lile lililonipendeza, mengine nikayatema. Aliye na imani isiyomruhusu, au mwenye mimba, au asiyetaka tu, asijinyime bonde hili: mashamba mengi yana juisi ya zabibu, na mizabibu yenyewe haimwulizi mtu anakunywa nini.

Ulipofika mvinyo mwekundu, Pinotage, nikapata ule ukakasi unaokausha ulimi, kama mtu aliyeuma ndizi mbichi. Ukakasi huo hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu. Mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza na maji yake kuchachushwa peke yake. Mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, na humo ndimo unamopata rangi na ukakasi.

Nilikuwa bado na Pinotage mkononi mhudumu kijana aliponiletea glasi iliyojaa. Akaelekeza meza ya tatu, ambako mwanamume mmoja alikuwa ameinua mkono. Hapa ndipo panapowatisha wengi, kwa hiyo nitaeleza nilichofanya hatua kwa hatua. Sikuigusa glasi. Nilimwambia yule kijana, kwa sauti ya kawaida inayosikika, "Nashukuru, irudishe. Ninachokunywa kinamiminwa hapa mezani kwangu." Mwanamume yule akaja mwenyewe, akavuta kiti, akaniuliza kama nasubiri mtu. Nikamwambia nipo kazini, ninaandika, na daftari lilikuwa wazi mbele yangu. Hakuondoka. Sikubishana naye. Nikamwita mama wa meza yangu kwa jina lake. Akaja, akatazama mara moja tu, akaniambia kuna kiti kizuri zaidi ndani, karibu na mapipa. Akabeba glasi zangu mwenyewe, nikamfuata. Mwanamume akabaki na kiti chake. Ndiyo sababu nawasihi wanawake wenzangu: mwulize anayekuhudumia jina lake mara tu unapoketi. Ni adabu, na siku ya shida ni ukuta wako.

Shamba la tatu sikulifika. Nilibaki kule ndani kwenye ubaridi wa mapipa, nikaagiza jibini na mkate, nikamsikiliza mama yule mpaka saa niliyoizungushia kalamu ilipokaribia. Yeye ndiye aliyenitajia Ntsiki Biyela. Biyela ni binti wa KwaZulu-Natal, alilelewa na bibi yake kijijini Mahlabathini, na mwaka 1999 alipata ufadhili wa kusomea utengenezaji wa mvinyo Stellenbosch wakati hajawahi kuuonja. Mwaka 2004 alishika kazi ya kutengeneza mvinyo katika kampuni ya Stellekaya, mwanamke Mweusi wa kwanza Afrika Kusini kuishika kazi hiyo. Mwaka 2009 akatajwa kuwa mtengenezaji mvinyo bora wa kike nchini, na mwaka 2016 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, akaipa jina la bibi yake: Aslina. Mvinyo wake mmoja mwekundu unaitwa Umsasane, yaani mgunga kwa Kizulu, na hilo lilikuwa jina la utani la bibi huyohuyo.

Mgunga. Mtu wa Dodoma hawezi kuacha chupa yenye jina hilo dukani. Niliipata Cape Town, nikaiviringishia kanga mbili, nikaiweka katikati ya begi.

Shangazi hanywi sana. Niliporudi Mpunguzi alikaa kwenye kigoda chini ya mgunga wake, mkasi wa kupogolea bado kiunoni, akainusa glasi kama nilivyomwelekeza, akaonja, akakunja uso kwa ule ukakasi, akaonja tena. Nikamsimulia kila kitu: tramu, waridi na ubwiri unga, mama wa mapipa, kengele, watu wa Msumbiji, kikombe cha asubuhi, mchana na jioni. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakurudia lile swali lake la nilikwenda na nani.

"Na sasa hivi," akasema, "mwenye shamba dogo kule anauza kilo moja kwa bei gani?"

Nilifungua daftari. Nilikuwa nimeandika majina ya zabibu, miaka, harufu, rangi, saa ya tramu ya mwisho. Bei ya kilo sikuwa nimeuliza.

Shangazi akakirudisha kizibo kwenye chupa, akakigonga kwa kiganja kikaingia.

"Ukirudi huko, uliza."